Barabara ya TANZAM: kwa nini inapanda Kitonga na kupita katikati ya Mbeya

Kama unaishi Ruaha Mbuyuni, Ilula, Igurusi au Mbalizi, sauti ya malori umeizoea kama wengine walivyoizoea sauti ya mashine ya kusaga. Yanapita mchana, yanapita usiku. Yakipanda yanaguna, yakishuka yanafoka upepo wa breki. Vitunguu na nyanya zako vinafika sokoni kwa sababu ya barabara hiyo. Na mtoto wako anaivuka kila siku akienda shule.

Wasikilizaji wanaoishi kando ya barabara hii wana maswali matatu ambayo hayaishi. Kwa nini barabara ipite hapa kwetu na si kwingine? Kwa nini malori yanashindwa breki sehemu zilezile kila mwaka? Na kwa nini nyumba moja iwekwe alama ya X nyekundu na ya jirani X ya kijani?

Maswali ni matatu, lakini majibu yake yanaanzia mahali pamoja: njia iliyochorwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Katika makala haya tunaifuata njia hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, tukisimama zaidi pale penye milima na pale penye jiji.

Barabara iliyozaliwa na shaba

TANZAM ni kifupi cha majina mawili, Tanzania na Zambia. Lakini njia ya nyanda za juu ni ya zamani kuliko majina hayo. Enzi za mkoloni palikuwa na barabara iliyoitwa Great North Road. Ilitoka nchi ambayo leo ni Zambia, ikaingia Tunduma, ikapita Mbeya na Iringa, kisha ikageukia kaskazini kwenda Dodoma, Arusha na hatimaye Nairobi. Ukiitazama vizuri utaona kuwa haikuelekea baharini. Njia ya kutoka Iringa kushuka pwani ilikuwapo, ila haikujengwa kwa ajili ya mizigo mizito.

Mambo yalibadilika mwaka 1965. Zambia ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla. Ni nchi isiyo na bahari, na utajiri wake mkubwa ni shaba. Shaba hiyo ilisafirishwa kwa reli kupitia kusini, katika nchi iliyoitwa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wachache chini ya Ian Smith ikajitangazia uhuru wake bila ridhaa ya Waafrika walio wengi. Zambia ikajikuta mlango wake wa kutokea uko mikononi mwa utawala ambao isingeweza kuuamini.

Mlango uliobaki ulikuwa bandari ya Dar es Salaam. Malori yakaanza kupanda na mapipa ya mafuta na kurudi na shaba, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo na changarawe. Masika yakifika, malori yalizama kwenye matope, mengine yakatumbukia mabondeni. Madereva wa wakati huo waliiita njia ya jehanamu, na hawakuwa wakitania.

Ndipo vikajengwa vitu vitatu, karibu kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968. Cha pili ni barabara ya lami, iliyojengwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na wengine. Cha tatu ni reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo wa China kati ya mwaka 1970 na 1975.

Hili ndilo la kushika katika makala yote: barabara hii ilichorwa kwanza kwa ajili ya mzigo, sio kwa ajili ya vijiji. Wachoraji walitafuta njia ya kuipeleka shaba baharini na mafuta Zambia. Watu, masoko, shule na miji vikaifuata barabara baadaye. Matatizo mengi tunayoyaona leo yanatokana na mpangilio huo.

Kutoka baharini hadi mpakani

Safari nzima ni takriban kilomita 930. Kutoka Dar es Salaam barabara inapita Kibaha na Chalinze. Chalinze ndiyo njia panda, wanaokwenda Tanga, Moshi na Arusha wanakunja kulia. Sisi tunanyoosha hadi Morogoro, karibu kilomita 190 kutoka pwani. Mpaka hapo hatujapanda sana. Morogoro iko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari.

Mbele ya Morogoro kuna ukuta wa milima ya Uluguru. Barabara haikujaribu kuipanda. Inaizunguka kwa upande wa kaskazini, kisha inaingia kwenye tambarare ya Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara inaikata kwa kilomita 50 hivi. Ndiyo maana ndani ya hifadhi mwendo umepunguzwa kwa alama, na anayegonga mnyama hulipishwa faini.

Baada ya Mikumi milima inaanza kubana. Barabara inapita Iyovi, inashuka hadi bonde la Mto Ruaha Mkuu, kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Rubeho. Hapa joto ni kali na mibuyu imejaa pande zote mbili. Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu, tunavuka daraja na kuingia Mkoa wa Iringa. Kisha, ghafla, mbele yetu hakuna tena bonde. Kuna Kitonga.

Tukishapanda Kitonga tunafika Ilula, penye nyanya, halafu Iringa. Mji wenyewe wa Iringa umekaa kilimani, na barabara kuu inapita chini yake, Ipogolo. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Tunaendelea Mafinga, penye misitu na baridi, kisha Makambako, njia panda ya kwenda Njombe na Songea.

Wengi hudhani kuwa baada ya Makambako ni tambarare mpaka Mbeya. Sivyo. Barabara inashuka tena hadi bonde la Usangu, penye mpunga, Chimala na Igurusi, kwenye mita 1,000 na ushee. Kisha inapanda upya kupitia Inyala hadi Uyole na jiji la Mbeya, lililo karibu mita 1,700. Kutoka Mbeya inashuka Iwambi hadi Mbalizi, halafu inaelekea Songwe, Vwawa na Tunduma.

Kwa hiyo lori linalotoka bandarini kwenda Zambia halipandi mara moja. Linapanda, linashuka, linapanda tena na kushuka tena. Na kila penye mteremko mrefu, pana kijiji au soko chini yake.

Kwa nini Kitonga?

Swali zuri ni hili: kama reli na barabara vyote vinakwenda Zambia kutoka Dar es Salaam, mbona reli haionekani Kitonga?

Jibu liko kwenye gurudumu. Gurudumu la treni ni chuma juu ya chuma. Likipewa mteremko mkali linateleza, halishiki. Kwa hiyo reli inahitaji kupanda taratibu sana, mita chache kwa kila mita 100. Wachoraji wa TAZARA waliikwepa Kitonga kabisa. Reli inapita kusini, katika bonde la Kilombero, hadi Mlimba. Lakini mlima haukwepeki milele. Kati ya Mlimba na Makambako reli ililazimika kupanda nyanda za juu, na hapo ndipo penye mahandaki na madaraja mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia hiyo.

Gurudumu la lori ni mpira juu ya lami. Linashika vizuri zaidi, kwa hiyo barabara inaweza kupanda mahali ambapo treni ingeshindwa. Kuchonga kona ubavuni mwa mlima kulikuwa rahisi na nafuu kuliko kutoboa handaki. Tena huko juu palikuwa na Iringa na njia ya zamani ya kwenda Mbeya, na haikuwa na maana kuviacha. Kuanzia Makambako, barabara na reli vinakutana na kuandamana hadi Mbeya. Bomba nalo liko jirani, na karibu na Inyala kuna eneo ambalo wenyeji wanaliita Pipeline.

Barabara ya ubavuni ina adui wake, nao ni maji. Upande mmoja mlima umekatwa, upande wa pili ni bonde. Mvua ikinyesha, maji yote ya juu yanatafuta njia ya kushuka, na barabara iko katikati. Ndiyo maana utaona mitaro ya zege upande wa mlima na makalavati chini ya lami. Mtaro ukiziba kwa takataka au udongo, maji yanapita juu ya lami, yanakula bega la barabara, na siku moja kipande kinaporomoka. Anayelima kwenye kingo za mlima juu ya barabara analegeza udongo uleule unaomzuilia yeye na wenzake njia ya kwenda sokoni.

Lori linaposhuka, ni nini hasa kinatokea?

Hapa ndipo penye uhai wa watu, kwa hiyo tuende polepole.

Breki haziondoi nguvu ya lori linaloshuka. Zinaigeuza kuwa joto. Sugua viganja vyako kwa nguvu, utahisi jambo hilohilo. Sasa fikiria lori lenye tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa kisheria katika nchi za Afrika Mashariki. Kwa kila mita 100 linazoshuka kwenda chini, kama breki zinafanya kazi hiyo peke yake, zinapokea joto la kutosha kuchemsha madebe manane ya maji. Mteremko wa mita 500 ni madebe 40. Joto lote hilo linaingia kwenye vipande vichache vya chuma magurudumuni, kwa muda wa dakika chache.

Breki zikipata joto kupita kiasi zinapoteza ushikaji. Dereva anakanyaga, lori haliitikii. Watu husema breki zimekatika, lakini mara nyingi hakuna kilichokatika. Zimezidiwa na joto. Zikipoa zinaweza kushika tena, ila mteremko haumsubiri mtu.

Dawa inajulikana, nayo ni gia. Lori likiwa kwenye gia ndogo, injini yenyewe inalizuia lisikimbie, na breki zinapata nafuu. Madereva wakongwe wana kanuni yao: mlima ushuke kwa gia uliyopandia, au ndogo kuliko hiyo. Na gia hiyo iingizwe kabla ya kuanza kushuka. Lori likishashika kasi katikati ya mteremko, gia ndogo inaweza kukataa kuingia, na dereva akabaki katikati bila gia yoyote. Anayeachia lori nyutro ili kubana mafuta anaokoa lita chache na kukabidhi mzigo wote kwa breki. Hiyo ndiyo hesabu mbaya kuliko zote katika barabara hii.

Kuna jambo jingine la TANZAM. Malori yake yana mzigo pande zote mbili. Mafuta na bidhaa za dukani zinapanda kwenda Zambia na Congo. Shaba inashuka kwenda bandarini. Kwa hiyo Kitonga inashukwa na malori yenye shaba, na Iwambi inashukwa na malori yenye mafuta na bidhaa za bandarini. Hakuna upande ambao tunaweza kusema malori yanashuka matupu.

Ndiyo maana majina yaleyale yanarudi kwenye taarifa za ajali: Kitonga, Iyovi, Inyala, Mlima Nyoka, Iwambi. Wapo wanaosema maeneo hayo yana mkosi. Sisi tunasema yana mteremko mrefu, malori mazito, na watu wengi chini yake. Mkosi hauna dawa, lakini mteremko unayo: gia, mwendo mdogo, breki zinazokaguliwa, na barabara pana yenye nafasi ya kukwepa.

Barabara inapoingia mjini

Barabara ilipojengwa, sehemu kubwa ya eneo ambalo leo ni jiji la Mbeya ilikuwa mashamba. Mji wa zamani ulikuwa umekaa juu, chini ya Mlima Loleza. Lami ilipopita chini, biashara ikashuka kuifuata. Uyole ikakua kwa sababu pana njia panda ya kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Mbalizi ikakua kwa soko. Barabara ya mizigo ikageuka kuwa mtaa mkuu wa jiji.

Matokeo yake ni kwamba katika lami ileile moja unakuta lori la Lubumbashi, basi la Dar es Salaam, daladala, bajaji, bodaboda, mkokoteni wa viazi na mwanafunzi anayevuka. Lori linataka kupita bila kusimama. Daladala inataka kusimama kila kona. Hakuna kati yao aliye na kosa, ila barabara ya njia mbili haiwezi kuwatumikia wote.

Serikali duniani zina njia mbili za kutatua hilo. Ya kwanza ni kuipanua barabara ndani ya mji. Hiyo ndiyo kazi ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, takriban kilomita 29, inayopita katikati ya jiji la Mbeya. Ya pili ni kujenga barabara ya mchepuo, inayozunguka mji ili malori ya mbali yasiingie mjini kabisa. Upanuzi unasaidia wafanyabiashara wasipoteze wateja, lakini unaacha malori mjini, na kuvuka kwa miguu kunakuwa kurefu zaidi. Mchepuo unaondoa malori, lakini unahitaji ardhi mpya ya wakulima. Tena baada ya miaka, mji husogea na kuufuata mchepuo, kama ulivyoifuata barabara ya kwanza.

Dar es Salaam imepitia yote haya mapema zaidi. Mabasi ya mwendokasi yalianza kutumia Barabara ya Morogoro mwaka 2016, yakiwa na njia yao peke yao. Ubungo, penye msongamano uliokuwa ukila saa za watu, barabara za juu zilifunguliwa mwaka 2021. Kati ya Kimara na Kibaha barabara imepanuliwa kutoka njia mbili hadi nane, kilomita 19.2. Lakini kabla ya tingatinga la lami lilitangulia tingatinga la kubomoa. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara na Mbezi zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo katika eneo lile ni pana sana kuliko ilivyo sehemu nyingi za nchi. Wengine walikuwa wamejenga nyumba za maisha yao yote.

Na mji una hatari nyingine ambayo lazima tuitaje. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka kando ya barabara hii. Watu wakakimbilia kuchota petroli. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mvuke wa petroli hauonekani, nao husambaa mbali na lori lenyewe. Pikipiki ikiwashwa, sigara, au cheche kutoka kwenye betri, yoyote inatosha. Lori la mafuta likianguka kwenu, usisogee kuangalia na usimruhusu mtoto kusogea. Ondokeni, zimeni moto wa mama lishe walio karibu, na mpige simu polisi na zimamoto mkiwa mbali.

Mita 30 na alama ya X

Sasa tuje kwenye swali la X, kwa sababu linagusa mali ya mtu.

TANZAM ni barabara kuu ya taifa, na msimamizi wake ni TANROADS, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za vijijini na za mitaa ziko chini ya TARURA. Ukiwa na shauri kuhusu barabara, jua kwanza ni ya nani, usije ukapoteza nauli kwenda ofisi isiyohusika.

Kila barabara kuu ina eneo lake pande zote mbili, linaloitwa hifadhi ya barabara. Zamani lilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaongeza likawa mita 30 kila upande. Tofauti hiyo ya mita 7.5 ndiyo iliyozaa rangi mbili.

X nyekundu huwekwa kwenye jengo lililo ndani ya mita 22.5 za zamani. Kwa mtazamo wa sheria, mwenyewe ameifuata barabara, kwa hiyo hana fidia. X ya kijani huwekwa kwenye jengo lililo kati ya mita 22.5 na mita 30, la mtu aliyekuwapo kabla sheria mpya haijaanza kutumika. Huyo ni barabara iliyomfuata yeye, na ana haki ya kulipwa eneo lake linapochukuliwa.

Kwa hiyo jirani yako mwenye X ya kijani hajapendelewa. Pengine nyumba zenu zinatofautiana hatua chache tu. Zipo pia sehemu chache, kama Kimara tuliyoitaja, ambazo hifadhi yake ni pana kuliko mita 30, kwa hiyo usijipimie kwa kukisia. Kabla ya kununua kiwanja au kuanza msingi kando ya barabara kuu, nenda ofisi ya TANROADS ya mkoa ukaulize mpaka wa hifadhi uko wapi. Neno la muuzaji halitoshi, na hata neno la kiongozi wa kijiji halitoshi peke yake.

Fidia ikihesabiwa, sheria ya ardhi haitazami nyumba tu. Inatazama thamani ya ardhi, mazao na miti iliyopo, posho ya usumbufu na gharama ya kuhama. Mthamini akifika, kuwapo mwenyewe ni muhimu. Piga picha nyumba, kisima, migomba na miti kwa simu yako, na utunze nakala ya kila karatasi unayotia sahihi.

Mizani inamlinda nani?

Madereva wengi huona mizani kama usumbufu. Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba, kote huko foleni. Lakini uzito ndio unaoua lami. Wataalamu wa barabara wanafuata kanuni moja iliyotokana na majaribio: ekseli ikibeba uzito mara mbili, uharibifu wa lami hauwi mara mbili tu, bali hufika kama mara 16. Lori moja lililozidisha linaweza kuharibu kuliko maelfu ya magari madogo. Ndipo unapoona lami imebonyea kama mifereji kwenye mpando wa mlima, mahali ambapo malori hutembea polepole na kukandamiza muda mrefu.

Na uzito uleule uliozidi ndio unaoongeza madebe ya joto kwenye breki wakati wa kushuka. Mizani ya Wenda inahusika na usalama wa mama anayeuza nyanya chini ya mlima, hata kama yeye hajawahi kuiona.

Tunaloweza kufanya sisi wa kando ya barabara

Hatuwezi kuuhamisha mlima, na barabara haitahama kesho. Lakini yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Tusipange meza za biashara chini ya mteremko mrefu, wala upande wa nje wa kona. Lori lililopoteza breki huenda moja kwa moja, kona halikunji. Kama soko limeshaota mahali kama hapo, hilo ni jambo la kupeleka kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani, ili litafutiwe eneo lingine kabla ya ajali, sio baada ya mazishi.

Ndani ya makazi mwendo wa juu kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Kama kijiji chenu hakina alama, au alama imeng'olewa na kuuzwa chuma chakavu, toeni taarifa TANROADS. Kwa shule iliyo kando ya barabara, ombeni kwa barua kivuko na matuta, na mtunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Ukiwa abiria na ukasikia harufu ya mpira kuungua gari linaposhuka, sema. Huo si ukorofi. Dereva makini atasimama, ataweka mawe kwenye tairi na kungoja breki zipoe. Nusu saa ya kungoja Kitonga haijawahi kumchelewesha mtu maisha.

Na mtoto afundishwe kuwa lori linaloshuka haliwezi kusimama kama bodaboda. Avuke pale anapoona mbali pande zote mbili, asivuke kwenye kona wala mbele ya basi lililosimama.

Barabara hii ilichorwa kwa ajili ya shaba na mafuta, wakati nchi jirani ilipobanwa. Imetufikishia pia soko, hospitali na ndugu walio mbali. Kinachobaki ni kuidai iwajali na wanaoishi kando yake, na sisi wenyewe kukaa nayo tukijua inavyofanya kazi. Kama kuna sehemu ya barabara hii katika eneo lenu ambayo mngependa tuieleze, tutumieni swali, tutalifanyia kazi katika kipindi kijacho.